Wasswa Anaweka Maiki Chini, Mamba wa Plastiki Anarudi

Baada ya miaka kumi na tisa na miezi miwili kwenye kiti kimoja cha plastiki pembeni mwa skrini, Mzee Ezbon Wasswa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Umoja wa Kumbi za Video wa Gurei na New Site, hapa Juba, umeniomba niandike maneno ya kumuaga katika jarida hili la sherehe. Umeniomba pia nisigombane na mtu. La kwanza nitalitimiza.

Kwa mgeni asiyemjua, Wasswa ni VJ, kama wanavyosema Waganda wenzake. Sinema ikija kwa Kiingereza, Kichina au Kihindi, VJ hushika maiki, hupunguza sauti ya sinema, kisha huisimulia huku inaendelea: nani anasema nini, nani mwongo, nani hatafika mwisho. Watu wa Gurei hawaulizi leo kuna sinema gani. Wanauliza leo anasimulia nani.

Alifika Juba Machi 2006 juu ya lori la matoke, akiwa na televisheni moja na katoni mbili za diski. Ukumbi ulikuwa turubai na magogo manne ya kukalia. Wiki ya kwanza alisimulia kwa Kiganda, na watazamaji wakamrushia maganda ya karanga. Hakukasirika. Kwa miezi minne alishinda sokoni akisikiliza watu wanavyobishana, hadi akapata lugha yake mwenyewe: Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Kampala, na Kiswahili cha Nairobi tulichorudi nacho sisi tuliolelewa Kenya. Mwalimu wa sarufi angezimia. Ukumbi ulijaa.

Alikuwa na desturi zake. Jambazi wa sinema alipewa jina la mtazamaji yeyote aliyesinzia. Bol, mwendesha boda wa hapa Gurei, alisimama siku moja katikati ya sinema akalalamika, "Ustaz, wiki hii umeniua mara tatu!" Wasswa akamjibu kwa maiki, ukumbi mzima ukisikia, "Amka basi, bana. Mutu analala kwa benchi yangu, mimi nazika." Bol hakusinzia tena, na hadi leo huja na chupa ya kahawa.

Desturi yake kubwa ilikuwa kuleta dunia nzima hapa kwetu. Gari likikimbizwa katika mji wa Ulaya, kwa Wasswa lilikuwa linashuka kutoka Jebel kuelekea mzunguko wa Custom. Jumba la tajiri lilikuwa New Site, na tajiri mwenyewe hana maji. Jangwa, msitu, jela, vyote vilipata anwani ya Juba. Watu walicheka kwa sababu hatimaye sinema ilikuwa inawahusu.

Na alijua kupima. Alirudi kutoka kwao Oktoba 2016, miezi mitatu baada ya mapigano kutufungia milango. Jioni ya kwanza, sinema ilipofika penye bunduki, alizima sauti kabisa, akaigiza zile risasi kwa mdomo kama bata wanaogombea mahindi. Watu waliokuwa wameanza kuinama chini ya benchi waliinuka wakicheka, wengine machozi yakiwatoka. Mashine haiwezi kufanya hivyo. Mashine haioni nani ameinama.

Kama simulizi ingeishia hapo, ningemshukuru, tungekula pilau, tungekwenda nyumbani. Lakini Desemba iliyopita akaja Tibo.

Tibo ni mamba wa plastiki, wa kijani, mwenye macho makubwa na tabasamu. Ametengenezwa na kampuni kubwa ya midoli ambayo sitaitaja, maana haihitaji tena kutajwa na mtu. Zamani mtu alitunga kisa kwanza. Kisa kikipendwa, ndipo mfanyabiashara akaja na mdoli, fulana na mkoba wa shule. Siku hizi mdoli unatangulia. Mauzo yakilegea, wakubwa huketi mezani na kuulizana: huu nao tuutungie kisa gani? Huajiri waandishi hodari, waigizaji hodari na wanamuziki hodari, na kila hodari anafanya kazi ya mchuuzi. Hilo ni tangazo la karibu saa mbili, na mtoto analipa kiingilio ili atangaziwe. Nimezisoma hotuba ambazo makampuni ya aina hii huwasomea wenye hisa wao. Neno mtoto hulioni. Unaona soko, soko, soko.

Mwenyekiti wetu Thiik huniambia, "Bior, punguza siasa. Ni mdoli tu." Natamani angekuwa nasi mtoni Rejaf Jumatatu ile.

Filamu yenyewe ni hivi. Msichana anamkuta Tibo ndani ya boksi, amekauka, hapendwi na mtu. Anampeleka mtoni, anamzamisha, anamwimbia wimbo. Tibo anafungua macho. Mama yake Tibo anatokea majini, mamba mkubwa mwenye kope ndefu, anambeba msichana mgongoni. Walioiandika ni watu ambao hawajawahi kuchota maji mahali penye mamba. Tena mto wao hauna jina. Mdoli ule unauzwa katika nchi nyingi, na mto usio na jina unamfaa kila mtoto alipo.

Wasswa hakuweza kuuacha mto bila jina. Jumamosi ya tarehe 7 Desemba, saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa na watoto mia mbili wa likizo, alifanya alichofanya miaka yote. "Sasa huyu mutoto anaenda wapi? Anaenda Rejaf, bana! Pale matanki inachota maji, hapo hapo. Anaweka Tibo kwa maji, anaimba, na mama Tibo anakuja!" Watoto walipiga makofi. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nyuma nikitengeneza spika, nilipiga makofi.

Jumatatu, yapata saa tano asubuhi, aliingia Nyapal, mwenye saluni kule New Site, bado ana kitana mkononi. Binti yake Nyagach, wa miaka minane, alikuwa ameondoka nyumbani na wenzake wawili na Tibo wake wa bandia aliyenunuliwa sokoni. Jirani alikuwa amewaona wamening'inia kwenye ngazi ya nyuma ya lori la tanki la maji linalokwenda mtoni.

"Wasswa!" alisema Nyapal, na hakumwita mzee wala ankol. "Amewaambia wenzake anaenda kumuamsha Tibo. Wewe ndiye uliwaambia Rejaf. Rejaf ni kubwa. Niambie Rejaf wapi!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Tulichukua boda mbili. Njia nzima Wasswa alikuwa akimshika dereva bega, akirudia neno moja: haraka, haraka.

Kwenye matanki hakukuwa na mtoto. Pampu zilikuwa zinanguruma na madereva hawakuwa wamesikia chochote. Tuliwakuta mbele kidogo, nyuma ya matete. Wawili walikuwa ukingoni, wameshika boksi tupu. Nyagach alikuwa ndani ya mto, maji yamemfika kifuani, amefumba macho, anamzamisha Tibo kwa mikono yote miwili na kuuimba ule wimbo wa filamu.

Upande wa juu mvuvi alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wake, ametulia kabisa. Alituinulia kiganja tunyamaze, kisha akaelekeza kidevu upande wa pili. Palikuwa na mstari juu ya maji. Mto ulikuwa unateremka, na mstari ule ulikuwa unakata mto kwa ubavu, kuja kwetu, bila haraka.

Nyapal alifungua mdomo apige kelele. Wasswa akamziba kwa kiganja. Mzee huyu hajui kuogelea. Hakuwa na kamba, wala mti, wala maiki. Alivuta pumzi akaanza kusimulia.

"Watazamaji wangu wapenzi," alisema, kwa sauti ileile ya Jumamosi, nzito na yenye furaha, "sasa Tibo anafungua jicho moja. Anasema: Nyagach rafiki yangu, mimi iko macho tayari. Asante kwa wimbo. Sasa wewe geuka. Polepole. Usipige maji. Tembea kwa mama yako, polepole, kama mutu anabeba mayai. Usiangalie nyuma, Nyagach. Tibo hapendi mutu anaangalia nyuma."

Mtoto aligeuka. Alitembea. Nilihesabu hatua tisa, na kila hatua Wasswa alikuwa na neno lake, na sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Nyapal alipomnyakua kutoka majini, mvuvi aligonga mtumbwi kwa kafi, pa, pa, pa, na ule mstari ukazama. "Timsa," alisema mvuvi. Mamba. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la jirani yake.

Kisha Nyagach akaanza kulia kwa hasira. "Mbona mmenitoa? Alikuwa ameanza kuongea!"

Wasswa alikaa kwenye tope na suruali yake nzuri. Alichoniambia tuliporudi ukumbini nakiandika kwa ruhusa yake.

"Bior, mamba mimi najua. Nimezaliwa Kayunga, karibu na mto. Kitu imenitisha ni huyu mutoto. Hakuuliza. Nimesema geuka, akageuka. Lakini Jumamosi nimesema nenda, akaenda. Na mimi iko mutu mmoja tu, hapa Gurei. Hawa wa kampuni iko na watoto wa dunia yote, na wanasema nenda kila siku."

Tangu siku hiyo nami naogopa. Nimebishana na serikali, na maaskofu, na wahariri, na sikumbuki kuogopa hivi. Serikali ikikudanganya unajua inapokaa. Sauti hii haina ofisi. Inamfikia mtoto wako ikiwa na wimbo na kope ndefu, inamwambia anapendwa, na inachotaka ni alie mbele yako sokoni mpaka umnunulie mamba. Kama akifa njiani, haitajua hata kwamba alikuwapo.

Jumamosi iliyofuata Wasswa alifanya jambo ambalo kwangu linazidi mengine yote aliyofanya katika miaka kumi na tisa. Filamu ilipofika mtoni, aliisimamisha. Akaondoka kitini, akafungua dirisha la mabati mwanga uingie, akasimama mbele ya skrini. Akawaambia watoto kwamba alikosea. Kwamba mto ule si Rejaf, na wala hauko popote. Kwamba mamba hana wimbo anaoupenda. Kwamba Tibo haamki hata umzamishe mwaka mzima, na waliomtengeneza wanachotaka ni watoto walilie mama zao wanunuliwe.

Watoto walichukia. "Uongo!" mmoja alipiga kelele. "Ankol anadanganya!" Wengine wakaanza kuimba ule wimbo kwa makusudi, mia mbili kwa pamoja, kumfunika. Alisimama hapo akazomewa mpaka mwisho, kisha akawaambia tena, kwa ufupi. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukumbi wetu aliyekwenda mtoni na mdoli. Nyapal amekwenda nyumba kwa nyumba kuulizia.

Lakini tangu hapo pia Wasswa hajataja mahali. Waliokaa ukumbini mwaka huu wamegundua, ingawa wengi hawakujua sababu. Gari linakimbizwa, na yeye anasema tu, gari linakimbia. Jumba ni jumba. Mara mbili nilimwona akifungua mdomo kusema Jebel, akaufunga. Watu wanasema anastaafu kwa sababu ya koo. Koo lake ni zima, anaimba kanisani kila Jumapili. Ana miaka sitini na moja na angeweza kutusimulia kumi mingine. Anaondoka kwa sababu anakiogopa kinywa chake, na ni sisi tuliomwacha aogope peke yake.

Sasa nafika kwenye lile jambo la pili nililoombwa.

Kuna mtu alimrekodi Wasswa kwa simu siku aliyosimamisha filamu, na rekodi ikamfikia msambazaji wa filamu ile. Februari ikaja barua ya malalamiko. Aprili ikaja barua ya pili, tamu kuliko ya kwanza. Msambazaji atatupa bure skrini mpya na paneli za sola kwa kumbi zote nne za umoja wetu. Atatupa filamu ya pili ya Tibo, tayari imetiwa sauti za Kiswahili studioni na waigizaji wazuri. Sharti ni moja. Sauti ya filamu imefungwa, haipunguzwi, na "sauti nyingine yoyote isisikike ukumbini" inapoonyeshwa. Filamu itaanza Jumamosi, tarehe 7 Juni.

Nimeona kionjo chake kwenye simu. Safari hii mama Tibo anaandaa sherehe chini ya maji, na anawaita watoto wote kwa Kiswahili safi, chenye upole kuliko cha mwalimu yeyote wa Juba: njooni, wapenzi wangu, njooni wote. Nimeisikiliza mara tano. Mara ya tano nywele zilinisimama.

Ndugu Thiik anatuambia kwamba hakuna anayefukuzwa. Mzee anastaafu mwenyewe, kiti kiko wazi, kwa nini tukatae sola? Ni hoja nzuri, na mtu anayeitoa si mbaya. Mwenyekiti ameuongoza umoja huu katika miaka ambayo wengine walikimbia. Lakini namwambia hapa, kwa maandishi, mbele ya wageni: kiti hakiko wazi. Jovia yuko. Wasswa alianza kumfundisha mwaka 2019, alipokuwa akiuza chapati mlangoni na kutuchekesha kuliko sinema. Anasimulia vizuri. Ameshatazama kionjo, ameshaandika kwenye daftari lake mahali atakaposimamisha na atakachosema. Nilimuuliza kama haogopi kuzomewa na watoto mia mbili.

"Naogopa sana, ankol," alisema. "Lakini mtu lazima akae pale."

Leo, baada ya chakula, Thiik atasoma barua na tutanyoosha mikono. Ukumbi wa Gurei una kura moja, kumbi mbili za New Site kura mbili, na ule mdogo wa njia ya Rejaf kura moja. Kwa hesabu yangu tuko sawa kwa sawa, na mwenyekiti ndiye atakayeamua. Kwa hiyo nawasihi mlio New Site, mnaonyoosha nywele kwa Nyapal na watoto wenu wanacheza na Nyagach, mfikirie kabla ya mkono kwenda juu. Skrini mpya nitaipenda kama ninyi. Jenereta letu linanitoa roho. Ila siwezi kumfungia mtoto ndani ya chumba chenye giza na sauti inayomwita majini, kisha nitie sahihi kwamba mtu mzima yeyote aliyemo atanyamaza.

Mzee Wasswa, turudi kwako, maana sherehe ni yako. Umetusimulia maelfu ya sinema. Umewafundisha watoto wa makabila yanayogombana kucheka mahali pamoja kwa wakati mmoja. Umetuletea Jovia. Umekiri kosa mbele ya watoto, jambo ambalo sijaona mkubwa yeyote wa mji huu akilifanya mbele ya watu wazima. Na mtoto mmoja yu hai kwa sababu ulijua atakachokisikiliza. Sauti iliyompeleka majini na iliyomtoa ni yako, zote mbili, na najua unaisikia ile ya kwanza tu. Sisi tulikuwapo. Tumesikia na ya pili.

Tunajua umejenga Mubende, juu ya kilima, na kwamba ulichagua kiwanja ambako mto hauonekani. Ukae huko kwa amani, wewe na mama watoto. Kahawa yako izae, magoti yako yapone, na wajukuu wakikuomba hadithi, uwasimulie, na ukitaka kutaja mahali, utaje. Umoja mzima unakushukuru.

Nenda ukapumzike, mzee wetu. Sisi tunabaki na kura ya leo, na siku nane kabla ya Jumamosi ile.

Bior Mawien,
fundi wa sauti, Ukumbi wa Gurei